Chupa ni ya watu kumi, tulikuwa sita: nimerudishwa bila chanjo na mimba yangu ya wiki 31

Wakuu, habari za jioni. Mtanisamehe kwa urefu, lakini jambo hili limenikaa kooni. Leo, tarehe 9 Desemba 2009, imetimia wiki nzima tangu nirudishwe bila chanjo.

Niko Reading, hapa Uingereza. Nina mimba ya wiki 31 na mtoto wa miaka mitatu. Tangu Oktoba serikali inatutangazia redioni, magazetini na kwenye vipeperushi vinavyosukumwa mlangoni: wajawazito wamo kwenye makundi ya kwanza ya chanjo ya mafua ya nguruwe, nendeni kwa GP wenu, yaani daktari wa mtaani mliyesajiliwa kwake. Barua yangu ilikuja Novemba. Na mimi sikuhitaji kubembelezwa. Mjamzito akiupata ugonjwa huu, uwezekano wa kulazwa ni karibu mara nne ya mtu mwingine, na miezi ya mwisho ndiyo mibaya zaidi. Mimi nimo humo humo kwenye hiyo miezi ya mwisho.

Mume wangu alikuwa hataki kabisa. Alishajazwa maneno na watu: chanjo imetengenezwa haraka haraka, ina zebaki, ina nguruwe. Tumebishana wiki tatu. Nikamweleza kwamba kilichobeba jina la nguruwe ni virusi, chanjo yenyewe inaoteshwa kwenye mayai ya kuku. Nikamweleza kwamba hiyo zebaki ni kihifadhio, kiasi kidogo mno, na kimetumika kwenye chanjo nyingine miaka na miaka. Mwisho akasema haya, nenda. Wenye waume wabishi wanajua nilitoka mbali.

Basi Jumatano tarehe 2 nikaacha zamu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kupitia wakala, siku usiyofanya kazi hulipwi. Masaa manane, pauni 5.80 kwa saa, piga hesabu mwenyewe. Nikafika kwa GP kabla ya saa nane mchana, nikajiandikisha mapokezi, nikakaa.

Tuliokuja kuchanjwa tulikuwa sita. Kulikuwa na kijana mwenye kisukari, binti wa Kipakistani mwenye pumu ameletwa na mama yake, na mzee mmoja ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi mpaka unasikia kutoka kiti cha pili. Saa nane na nusu nesi akatoka na karatasi, akatuhesabu kwa ncha ya kalamu, akarudi ndani. Akatoka tena: samahanini, leo hatufungui, chupa ni ya watu kumi.

Kwa wasiojua, chanjo hii, jina lake Pandemrix, inakuja vichupa viwili. Unavuta kilichomo kwenye kimoja, unakiingiza kwenye kingine, unatikisa. Ukishachanganya unapata dozi kumi, na zitumike ndani ya masaa 24. Boksi moja lina dozi 500. Mlango wa chumba cha nesi ulikuwa wazi na friji alikuwa ameifungua, boksi nimeliona kwa macho yangu. Dozi 500 mle ndani, sisi sita huku nje, na tunarudishwa nyumbani ili dozi nne zisimwagwe!

Nikamwambia, dada, masaa 24 si mpaka kesho mchana? Tuchanje sisi sita sasa hivi, kesho asubuhi pigeni simu muwaite wanne. Orodha ya wagonjwa wenu wote wenye pumu na kisukari mnayo kwenye kompyuta. Akasema huo ndio utaratibu aliopewa. Nesi sina ugomvi naye, alikuwa anaongea huku anaangalia chini. Mzee wa kifua akaanza kuvaa koti lake. Mkono ulimgomea kuingia, binti wa pumu akainuka kumsaidia. Hakusema neno, akatoka kwenye ile baridi.

Shangazi yangu alikuwa nesi wa zahanati huko Muheza, Tanzania. Chupa ya surua nayo ni ya watoto kumi, na ukishaichanganya una masaa sita tu, si 24. Wakija watoto wanne hawarudishi. Anamtuma mtu kwa baiskeli: nenda kwa mama fulani, mtoto wake kafikisha miezi tisa, na kwa jirani yake pia. Wasipopatikana anafungua hivyo hivyo, kinachobaki anamwaga. Alikuwa anasema mama aliyetembea na mtoto mgongoni toka asubuhi, ukimrudisha leo humwoni tena. Na hiyo ni zahanati ya friji ya mafuta ya taa!

Kwetu mjamzito anachomwa pepopunda pale pale kliniki, na mkunga yule yule aliyempima. Hapa mkunga ananipima presha, mkojo, ananisikilizisha moyo wa mtoto, nikiuliza chanjo ananiambia nimwone GP. Kwa nini asipewe yeye hizo dozi? Wajawazito kumi kwa mkupuo mmoja wapo pale kwenye benchi kila siku!

Niliambiwa nipige simu Ijumaa saa mbili kamili asubuhi. Nimepiga mpaka saa mbili na robo, laini inatumika. Ilipopokelewa, nafasi zimekwisha. Siku nyingine ya chanjo ni tarehe 16.

Halafu jana ndiyo wakanimaliza. Tarehe 19 Novemba serikali ilitangaza kwamba watoto wote kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano nao watachanjwa, kwa sababu ndio wanaolazwa kwa wingi. Jana tunaambiwa mazungumzo na madaktari yamevunjika. GP analipwa pauni 5.25 kwa kila sindano. Kwa watoto madaktari wakasema kazi ni kubwa zaidi, walegezewe masharti mengine, hawakuafikiana. Sasa kila eneo lijipangie lenyewe. Waziri wa Afya Andy Burnham aliwatangaziaje wazazi nchi nzima kabla ya kuelewana na watu wenye sindano mkononi? Unaalika watu harusini posa haijapokelewa! Nimeuliza mapokezi kuhusu mwanangu, wao wenyewe hawajui aende wapi.

Sasa nisikilizeni. Jumatano tarehe 16 sikubali kurudishwa tena. Namba ya kijana wa kisukari ninayo, mama yake binti wa pumu ninayo, wamesema watakuja. Kwa mzee yule nitapita mwenyewe, anakaa mtaa wa nyuma. Wawili waliobaki sikuwahi kuongea nao, siwahesabu. Pamoja na mimi tuko wanne, nahitaji watu sita. Kama uko Reading, una mimba, pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, na hujachanjwa, nitumie ujumbe faragha nikutajie ni daktari gani, jina lake siliweki hapa. Tukigundua tumesajiliwa kwake wote, tukutane mlangoni saa saba na nusu, tuingie pamoja kumi kamili.