Seva ya duka: kwa nini kerneli (kiini cha Linux) ina faili nne za kugawa memori badala ya moja?

fundi_luthuli:
Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya GB 8 kwenye kachumba nyuma ya duka letu hapa Luthuli Avenue. Imebeba databesi ya hesabu, PostgreSQL, na programu ya ripoti. Kila mwisho wa mwezi ripoti inabugia memori yote, kwa hivyo nikaamua kulinda databesi. Nikaiwekea kikundi chake kwenye cgroup v2 (mfumo wa kerneli wa kuwekea vikundi vya programu mipaka), nikaandika 3G ndani ya faili ya memory.max, nikalala usingizi mzuri. Ijumaa saa mbili usiku tukifunga hesabu, databesi ndiyo ikauawa! Ripoti iko pale, haina hata mkwaruzo.

Sasa natengeneza ukurasa ili ndugu yangu mdogo agawe memori bila kunipigia simu nikiwa kwa matatu. Nilitaka kisanduku kimoja tu, "RAM". Nikichungulia /sys/fs/cgroup nakuta memory.min, memory.low, memory.high na memory.max. Waliounda kerneli walikosa nini kwa namba moja?

mama_swopu:
Pole kaka, lakini hukuilinda databesi, uliifungia chumbani. memory.max ni ukuta. Kikundi kikiugonga, kerneli kwanza inajaribu kukomboa memori ndani ya kikundi hicho, ikishindwa inaua prosesi (programu inayoendelea kukimbia) humo humo, hata kama seva ina GB 4 zimelala bure. Na PostgreSQL ukiiulia prosesi moja kwa nguvu, inaangusha miunganisho yote na kuanza kujirekebisha. Ndiyo maana dukani mliona kila kitu kimezima.

Ploti yetu Kayole ina tangi moja juu ya paa, na maji ni ya mgao. Kumwambia jirani asizidishe mitungi mitano ni jambo moja. Kumhakikishia mama mwenye mtoto mchanga mitungi yake miwili ni jambo lingine, na keateka wetu alichukua miaka kuelewa hilo. Wewe unataka la pili: memory.low. Kerneli inaacha memori hiyo mpaka ikose pa kuchukua kwingine. memory.min haiguswi kabisa, hata ikibidi prosesi iuawe, kwa hivyo nenda nayo polepole.

Ripoti ipe memory.high. Ikivuka hapo haiuawi, inapunguzwa mwendo na kulazimishwa kurudisha.

mzee_wa_mashine:
Niongeze kidogo. Toleo la kwanza la memori kwenye cgroup liliingia Linux 2.6.25 mwaka 2008, na kikomo chake kikuu kilikuwa ukuta. Kulikuwa na "soft limit" (kikomo kisicho ukuta) pia, lakini haikutegemewa sana. Swopu (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) nayo ilihesabiwa pamoja na RAM katika namba moja, memsw, kwa hivyo hungeweza kusema "RAM kiasi hiki, swopu sifuri" ukaeleweka. Cgroup v2 ilipotangazwa rasmi katika Linux 4.5 mwaka 2016, swopu ilipewa faili yake, memory.swap.max. Lakini faili ukishazitoa kwa watu huwezi kuzinyang'anya, kuna skripti za watu zinazitegemea. Fikiria hilo kabla hujampa ndugu yako kisanduku.

Tena usimwonyeshe memory.current (memori inayotumika sasa) peke yake. Inahesabu na kashe ya faili (nakala za faili zinazowekwa kwenye RAM), kwa hivyo itaonekana imejaa hata seva ikiwa imestarehe, na atakupigia simu tu. Mwonyeshe memory.pressure (iko tangu Linux 4.20), inayosema prosesi zimekwama kwa asilimia ngapi ya muda zikingoja memori.

fundi_luthuli:
Asanteni sana. Nimeweka low 3G kwa databesi na high 2G kwa ripoti. Mara ya kwanza haikusaidia chochote, nikakaribia kuja kumlaumu mama_swopu hapa. Kumbe kikundi mzazi, kinachobeba hicho cha databesi, kilikuwa na low ya sifuri, na mtoto hawezi kulindwa zaidi ya mzazi wake. Nikampa mzazi 3G pia. Jana ripoti ilijikokota kama lori la mchanga Mlolongo, lakini oom_kill (hesabu ya prosesi zilizouawa kwa kukosa memori) kwenye memory.events imebaki 0.

Ukurasa sasa una visanduku viwili, max nimeificha. Cha low nimekiita "Akiba ya lazima". Cha high bado sina jina. "Punguza mwendo" ndugu yangu anadhani ni ya intaneti.

mama_swopu:
Andika "Ikizidi hapa, ivutwe shati." Ataelewa.