Wadau wa maji: uchafu unapanda juu ya bika badala ya kushuka chini, nikaandike nini kwenye ripoti?

nyegezi_kwetu:

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi wa maji, likizo hii ndefu nipo fildi kwenye maabara moja hapa Mwanza, wiki ya saba sasa kati ya nane, na nimekwama sehemu ambayo hata ugali haushuki.

Kazi niliyopewa ukiisikia ni ndogo tu, kulinganisha shabu na unga wa mbegu za mlonge, kipi kinashusha uchafu vizuri. Tuna ile mashine ya bika sita (vyombo vya kioo vya maabara) yenye mapanga yanayozunguka kwa pamoja, unajaza lita moja kila bika, dozi tofauti tofauti, unazungusha kwa kasi dakika moja dawa ichanganyike, afu unapunguza iende taratibu dakika 20 mabonge yakue, unazima, unasubiri nusu saa, unachota maji ya juu unapima tabiditi, yani ukungu wa maji, namba ikiwa kubwa ndo machafu zaidi. Siku ya kwanza nikaona hii si kazi ya kuangalia maji yakizunguka tu, nikatoa simu. Mzee wa maabara, fundi sanifu mtu mzima kabisa anakaribia kustaafu, akaichukua akaiweka mfukoni kwake, akasema "angalia bika kijana, utaniambia bonge la kwanza limeonekana dakika ya ngapi". Nikaangalia. Mwanzo hakuna kitu, afu yanatokea kama vumbi, afu kama chenga za unga, afu unashangaa yamekuwa kama mapande ya theluji ya kwenye TV yanashuka yenyewe. Kusema ukweli ndo siku nilipoipenda hii kozi.

Sasa tatizo. Wiki nne za mwanzo tulitumia maji ya mto Mirongo, yale machafu kabisa, mlonge ukafanya maajabu, maji ya tabiditi 180 yakatoka chini ya 10, nikapiga picha nikamtumia mpaka mama. Wiki ya tano nikahamia maji ya ziwa, nachota mwenyewe Luchelele baada ya kula mchana maana asubuhi nakuwa na kazi za kuosha vyombo vya labu. Hapo ndo balaa. Mlonge maji yameingia 14 yametoka 17!! Yani nimeyachafua. Shabu nayo siku moja inakubali siku nyingine mabonge yanajitengeneza vizuri kabisa afu badala ya kushuka YANAPANDA, yanakaa juu kama povu la kijani. Nimerudia mara tano. Mwenzangu wa fildi ananiambia panga panga namba tu zifanane na za Mirongo, nani atakuja kuhesabu. Sitaki, ila prezentesheni ni wiki ijayo na supavaiza anataka grafu. Nifanyeje jamani?

mtu_wa_mtambo:

Dogo karibu kwenye chama. Mimi nipo kwenye mtambo wa kusafisha maji huku kanda ya ziwa mwaka wa tisa huu, na hicho cha mabonge kupanda nimekiona kwa macho yangu, wala hujakosea kupima. Kwanza nijibu, unachota juu juu kwa kuinama na chupa au unachota chini? Na saa ngapi hasa? Na pH, kile kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, ulipima? Usinambie hukupima pH.

nyegezi_kwetu:

Naingia mpaka magotini naizamisha chupa hapo hapo mkuu. Saa nane, saa tisa mchana. pH nilipima ile ya Mirongo tu, ya ziwa nikajua maji ni ya lile lile ziwa kila siku 🙈

mtu_wa_mtambo:

Basi hapo ndo ulipouawa. Ziwa la saa kumi na mbili asubuhi na ziwa la saa tisa mchana ni maziwa mawili. Ule ukijani unaouona ni mwani, na mchana kukiwa na jua unatengeneza chakula kama mahindi tu, unakula hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji, ikipungua pH inapanda, kwenye ghuba zilizotulia unaweza kukuta 9. Sasa shabu inapenda maji yaliyokaa karibu karibu na 6 mpaka 7 na nusu hivi, ukiipeleka kwenye 9 aluminiamu iliyomo kwenye shabu inabaki imeyeyuka humo humo kwenye maji, haigandi sawasawa, unaongeza dozi weee unaharibu dawa tu.

La kupanda. Mwani uliojaa huku ufukweni mwingi ni jamii ya Microcystis, na ule una vijifuko vya hewa ndani ya seli, ndo maana ukitulia upepo unapanda juu unatanda kama rangi imemwagika. Wewe umechota tabaka la juu lenye mwani wote, maji nayo yamejaa oksijeni ya mchana mpaka yanatoa vipovu, bonge likijitengeneza linabeba vipovu na maboya ya mwani, litashukaje? Kuna mitambo duniani inafanya hivyo makusudi, wanapuliza vipovu vidogo uchafu upande juu waukwangue, kwa hiyo wewe umegundua teknolojia bila kujua 😂

Mtambo hauchoti juu, bomba la kuvutia linawekwa kwenye kina. Tafuta mtumbwi, toka kidogo, chupa ifunge jiwe, kizibo kifunge kamba ya pili, shusha mita tatu hivi ndo uvute kizibo. Alfajiri. Afu rudia.

binti_wa_bugogwa:

Naongezea ya mlonge maana projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa hiyo hiyo na nililia mara mbili. Mdogo wangu, mlonge kushindwa kwenye maji ya 14 ni kawaida yake kabisa. Kinachofanya kazi mle kwenye mbegu ni protini yenye chaji chanya, uchafu wa matope una chaji hasi, vinavutana, vinashikana, vinakuwa vizito. Sasa kwenye maji ya Mirongo chembe zimejazana kama abiria wa daladala, kila protini ina wa kumshika. Kwenye maji yaliyo karibu meupe chembe ni chache hazikutani, protini inabaki inaelea na mafuta ya mbegu na unga usioyeyuka, ndo hizo tabiditi tatu za ziada ulizopima. Umeuweka wewe mwenyewe huo uchafu.

Jaribu hivi: mbegu mpya, maganda yote yatoke, saga, kamua mafuta kama mna namna, afu badala ya maji matupu loweka unga kwenye maji ya chumvi, chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi ya chujio, tumia siku hiyo hiyo. Chumvi inazitoa zile protini vizuri zaidi. Ulikuwa unatumia mchanganyiko wa siku ngapi?

nyegezi_kwetu:

Dada nilitengeneza mmoja wa wiki nzima nikaweka kabatini…

binti_wa_bugogwa:

Haya. Tumekusamehe.

mama_dagaa:

Jamani samahanini mimi sijasoma hayo mambo ya bika, nipo mwaloni Kirumba nauza dagaa, nimeona mnaongelea shabu nikasema nichangie. Bibi yangu Ukerewe alikuwa anafunga kipande cha shabu kwenye kitambaa anakizungusha kwenye ndoo mara kadhaa anatoa, anaiacha ndoo hapo usiku kucha, asubuhi anamimina taratibu maji ya juu, tope linabaki chini. Hakuwa na mashine. Ila mmenitisha na huo mwani, maana huku kwetu siku ziwa likitulia maji yanakuwa kijani kabisa na watu wanachota wanachemsha. Tukichemsha si inatosha?

mtu_wa_mtambo:

Mama shikamoo. Bibi alikuwa anafanya yale yale ya mashine, tena kwa mpangilio ule ule, kuzungusha, kutuliza, kumimina. Kuhusu kuchemsha: kwa vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara inatosha na endeleeni hivyo hivyo. Kwa sumu ya mwani haitoshi. Inaitwa mikrosistini, inashambulia ini, na moto hauiui, tena seli zikipasuka kwenye sufuria inatoka ndani inaingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha maikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku, kidogo mno hicho. Si kila maji ya kijani yana sumu lakini kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo siku ziwa lina utando wa kijani msichote pale ufukweni, chukueni ya bomba au ya kisima, na watoto wasiogelee hapo. Sisi mtamboni tunakazana kuutoa mwani ukiwa mzima kabla ya klorini kwa sababu hiyo hiyo, ukiupasua na klorini kwanza umejitafutia kazi nyingine.

mama_dagaa:

Asante mwanangu. Nitawaambia na wenzangu wa hapa.

kijana_wa_igoma:

Mimi swali langu dogo, kama mlonge ni wa bure na shabu inanunuliwa kwa nini mitambo isitumie mlonge tu tuokoe hela?

mtu_wa_mtambo:

Hela ungeokoa kwenye shabu ukaimalizia kwenye klorini ndugu yangu. Mlonge unaacha vitu vya mmea kwenye maji na klorini inavila hivyo kwanza kabla haijafika kwa bakteria. Tunataka baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, unadondosha kidonge cha kupimia maji yanakuwa waridi. Ya mlonge unaweza kuona waridi ikifika ikapotea. Na yakikaa siku mbili tatu bila klorini yananuka. Kwa familia moja kijijini inayotumia ndoo leo ikaisha leo, tena maji ya mto yenye tope, mimi mlonge naukubali kabisa. Kwa jiji zima hapana.

Dogo, zile namba mbaya usizifute wala usizipange. Ziweke na saa ulizochota, na pH ya mchana ukaipime sasaivi kabla fildi haijaisha.

nyegezi_kwetu:

Wakuu mrejesho, siku tano baadaye.

Juzi nimeamka saa kumi alfajiri, kuna mvuvi pale Luchelele anarudi na nyavu muda huo nikamuomba anitoe kidogo na mtumbwi, akanicheka sana na chupa yangu ya jiwe, anasema nalisha samaki juisi. Mara ya kwanza kizibo kilitoka kabla haijazama, ya pili kamba zikajisokota, ya tatu ikakubali. pH 7.6. Mchana nikarudi pale pale ufukweni, 8.9, mashine ya pH niliisafisha na kuiseti upya nikidhani inadanganya, 8.9 tena.

Shabu kwenye maji ya alfajiri imeshuka yote, bika nne kati ya sita chini ya 2. Mlonge wa maji ya chumvi umetoka 11 ukaishia 6, si mbaya, ila kwa shabu hauoni ndani. Nimeziweka zote kwenye jedwali moja, Mirongo, ziwa alfajiri, ziwa mchana, na ile 17 ipo. Supavaiza alipoiona hakuuliza grafu, aliuliza mabonge yalianza kupanda dakika ya ngapi, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeandika: dakika ya nane baada ya kuzima.

Dada wa Bugogwa asante sana, mkuu wa mtambo nitakutafuta nikimaliza chuo. Na ile ya kunuka ni kweli, bika moja ya mlonge niliisahau nyuma ya mizani tangu Jumatatu, leo mzee ameingia labu, akasimama mlangoni, akavua miwani, akasema nitoe hiyo kitu nje kabla hajanitoa mimi.