Wanafunzi wangu hawachangii kabisa darasani, naombeni ushauri

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Jiografia Kidato cha Pili, shule ya kata huku Mbagala. Wanafunzi 84. Nikitoa swali la kujadili, kimya. Wengine wanainamia dawati kama wameangusha kitu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini eneo la Jangwani hufurika masika. Mtoto wa Dar anakosa la kusema kuhusu Jangwani? Nimejaribu makundi, nimejaribu kuwataja majina. Novemba wana mtihani wa taifa na usingizi sipati. Nifanyeje?

Chinga Mstaafu: Enzi zetu mwalimu akiingia hata nzi anatulia. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na fimbo kaipa jina kabisa, Bi Mkubwa. Mnawadekeza.

Mama Wawili: 84 si darasa, ni mkutano wa hadhara. Pole mwalimu.

Nuru_Z: Ukiuliza unasubiri muda gani? Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kudakia. Waliposubiri 3, majibu yalirefuka na waliojitokeza waliongezeka. Na wako wanatafsiri kwanza kichwani. Kiswahili unaruhusu?

Mwalimu wa Zamu: Hapana mkuu. Sheria ya shule.

Nuru_Z: Anayekiongea anafanywa nini?

Mwalimu wa Zamu: Kuna kibao. Anavaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Sikukianzisha mimi, nilikikuta. Ila nakitumia, maana karatasi ya Jiografia haitawauliza kwa Kiswahili na sitaki kuwadanganya. Tena Jumatatu naanza kutoa alama za kuongea. Orodha nimeshaandaa.

Mzee wa Gerezani: Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Matokeo ndiyo hayo, watoto wanavishwa vibao kwa lugha ya mama zao.

Dada Lulu: Siku ya Jangwani hakujibu hata mmoja?

Mwalimu wa Zamu: Mbona swali langu ni la darasa zima.

Dada Lulu: Nakuuliza tena kaka.

Mwalimu wa Zamu: Alijibu binti mmoja wa nyuma. Alianza kwa Kiingereza, akakwama kwenye neno bonde, akamalizia kwa Kiswahili. Kwamba maji yanateremka toka Pugu, mto Msimbazi umejaa mchanga na taka, na wao walipokuwa wakiishi Jangwani walilala juu ya meza. Wenzake wakacheka. Nikampa kibao. Hajaja tangu siku hiyo.

Kipanga: Chai hii. Shule zimefungwa, hilo darasa la wiki iliyopita ni la wapi?

Mwalimu wa Zamu: Wapo kambi ya masomo, mkuu. Nina sababu gani ya kutunga jambo la kunifedhehesha?

Baba Shani: Kambi! Elimu bila ada, lakini mimi nimedaiwa 40,000 ya kambi na ndoo ya kudekia juu.

Mama Wawili: Wewe ndoo, mimi na fagio la chelewa.

Dada Lulu: Wazazi, fungueni uzi wenu. Mwalimu, chai au si chai, nakujibu maana mtoto wa aina hiyo ninaye. Nipo Ilala, Historia ya Tanzania na Maadili, somo la Kiswahili. Watoto walio mabubu kwenye vipindi vingine, kwangu nawaomba watulie. Swali liandike ubaoni. Dakika 2 kila mtu aandike lake, kisha 4 azungumze na jirani wa dawati kwa lugha yoyote. Halafu wawili hao watafute Kiingereza cha walichokubaliana, nawe uandike ubaoni maneno yanayowakwamisha. Bonde lingekuwa la kwanza. Makundi ya wanane yaache, anaongea mmoja saba wanapumzika. Na alama za kuongea utawapa wale wale sita wa mbele.

Mwalimu wa Zamu: Mkuu wa shule akipita akasikia Kiswahili?

Dada Lulu: Mwoneshe madaftari, jibu limo kwa Kiingereza. Binti je, nani kamfuata?

Mwalimu wa Zamu: Hakuna. Jirani yake wa dawati anasema wanakaa Kongowe, nyuma ya soko. Kesho baada ya kipindi cha pili napanda gari.

Nuru_Z: Kibao usiende nacho.

Mwalimu wa Zamu: Kibao anacho yeye. Aliondoka nacho shingoni.