Naomba ushauri: video ya visa walivyotunga wanafunzi wangu

Mwl_Pasua
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Moshi mjini. Kwenye kipindi cha utunzi niliwapa mwanzo mmoja: "Asubuhi hiyo mlima haukuonekana." Wameandika mambo mazito! Mmoja ana bibi anayegoma kuchuma kahawa mpaka aione Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Mwingine ana bodaboda aliyepotelea kwenye ukungu akishuka kutoka Kibosho. Roho inaniuma daftari hizi zikiishia kabatini. Nataka video ya dakika tano tuionyeshe kikao cha wazazi. Nina simu ya kawaida. Projekta na spika shule inavyo. Kuediti sijawahi. Nianzie wapi?

Fundi Sauti
Hongera mwalimu. Anza na sauti, picha zitafuata. Kila mtoto asome kisa chake mwenyewe, usimpe mtangazaji. Akisoma kwa utulivu ni kama maneno 120 kwa dakika, maana yake dakika tano zako ni maneno 600 tu. Hapo vinaingia visa viwili virefu, au aya moja moja ya watoto wanane. Mimi ningechukua aya.

Usirekodi darasani, bati na kuta tupu zinaleta mwangwi. Tafuta chumba chenye mapazia, tandika blanketi mezani, simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Zima mtandao. Mvua ikianza, ahirisha.

Mama Wawili
Picha wachore wenyewe! Karatasi zote zilazwe kwa upana, upige karibu na dirisha bila flashi. Kila mchoro ukikaa sekunde kumi, unahitaji 30. Kwenye CapCut au InShot (programu za simu za kuediti video) tandaza sauti kwanza, ndipo upange michoro juu yake.

Mzee wa Kiborloni
Sahihisha insha kwanza. Wazazi wataona makosa na shule itaaibika.

Fundi Sauti
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima napingana nawe kidogo. Kosa la tahajia halisikiki mtoto anaposoma. Maandishi ya kwenye skrini ndiyo yasahihishwe, lakini sentensi ya mtoto isiguswe. Ukiinyoosha, wazazi watamsikia mwalimu badala ya mtoto wao.

Mzee wa Kiborloni
Marahaba. Hapo kwenye sauti nimekuelewa.

Wakili Mdogo
Mwalimu, kabla ya yote pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hawa ni watoto. Fomu itenganishe kuonyesha kikaoni na kurusha mtandaoni. Mzazi anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili. Michoro badala ya sura ni wazo zuri sana. Majina, la kwanza tu linatosha. Na usiweke Bongo Fleva chini ya sauti, ina wenyewe.

Mwl_Pasua
Asanteni mno. Fomu naandika leo. Swali la mwisho: nikiirusha kwa mwalimu mkuu kwa WhatsApp inapoteza ubora?

Mama Wawili
Ukituma kama video inabanwa, tuma kama dokumenti. Ya kikaoni ibebe kwenye flashi, uijaribu kwenye projekta hiyohiyo siku moja kabla, na spika ukiwa umesimama nyuma kabisa ya ukumbi.