Kope zilizolegea na mifuko chini ya macho: kukata juu, kukata chini au sindano?

Mkunazini
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kurekebisha kope. Ngozi ya juu imelala hadi wanja hauonekani, na chini kuna mifuko isiyoondoka hata mtu akilala usiku kucha. Njia zinazotajwa ni kukata ngozi ya juu, kutoa mafuta ya chini kupitia ndani ya kope, kukata kwa nje chini ya kope, na sindano za kujaza. Umri ni miaka 50 na ushee, ngozi nyeusi, presha iko kwenye dawa. Ipi inafanya nini, na mtu akae nyumbani siku ngapi?

NesiThieta
Dada, kabla ya kuchagua njia, jua kinachoning'inia ni nini. Kaa mbele ya kioo, legeza paji la uso, kisha inua nyusi kwa kidole mpaka zikae usawa wa mfupa wa juu ya jicho. Ngozi ikinyooka yote, zilizoshuka ni nyusi, na kukata ngozi ya kope kutazivuta chini zaidi. Ikibaki imekunjika, hapo upasuaji wa kope la juu una kazi.

Halafu tazama ukingo wenyewe wa kope, pale nywele zinapoota. Daktari hupima kutoka nukta ya mwanga katikati ya mboni hadi kwenye ukingo huo: milimita 4 hadi 5 ni kawaida. Ikiwa 2 au chini yake, msuli unaoinua kope umelegea, na huo ni upasuaji mwingine kabisa. Ukikatwa ngozi tu, utatoka na kope safi lililolala palepale. Makosa mengi ya kope huanzia hapa, kabla kisu hakijashikwa.

Kazi ya juu hufanywa kwa sindano ya ganzi, mara nyingi bila nusu kaputi, na huchukua kama saa moja kwa macho yote mawili. Mchoro uchorwe ukiwa umekaa wima, kwa sababu ukilala nyusi na ngozi huhama. Mstari wa chini hufuata mkunjo wa asili, kwa mwanamke milimita 8 hadi 10 juu ya nywele. Kati ya nyusi na nywele za kope ibaki ngozi isiyopungua milimita 20. Ikipungua, jicho halifungi vizuri usiku, konea (kioo cha mbele cha jicho) inakauka na kupata vidonda. Ngozi iliyoachwa kidogo huweza kupunguzwa siku nyingine. Iliyokatwa kupita kiasi inadai kupandikizwa ngozi, na hairudi kuwa kama zamani.

Kisima
Niongezee kope la chini, maana huko ndiko kwenye mitego.

Mkato wa ndani hauachi kovu usoni na mara nyingi haushonwi. Unamfaa mwenye mifuko ya mafuta lakini ngozi bado haijalegea. Mafuta hayo yako katika vifuko vitatu. Kati ya cha upande wa pua na cha katikati unapita msuli mdogo unaozungusha jicho. Ukijeruhiwa, mtu anaona vitu viwili viwili. Mafuta yakitolewa yote, jicho linabaki na shimo na uso unaonekana umechoka kuliko mwanzo. Ndiyo maana madaktari wengi sasa huyahamisha, wakiyalaza juu ya ukingo wa mfupa kujaza mfereji ulio chini ya mfuko.

Mkato wa nje hupita kama milimita 2 chini ya nywele na huruhusu kupunguza ngozi. Hatari yake ni kope kuvutwa chini, weupe wa jicho ukaonekana chini ya mboni na machozi yakatiririka. Jipime hivi: shika kope la chini kwa vidole viwili, livute mbele taratibu, uliachie bila kupepesa. Likirudi papo hapo, sawa. Likisubiri mpaka upepese, limelegea na lazima likazwe kwenye kona ya nje katika upasuaji uleule. Daktari asipolifanyia kipimo hiki, mwombe alifanye.

Zuhura K
Sindano za kujaza hazitoi mfuko, zinaficha mfereji tu. Kama mfuko ni mkubwa, unaongeza uvimbe juu ya uvimbe. Asidi ya hayaluroniki, ambayo ndiyo hujazwa mara nyingi, huvuta maji, na ikiwekwa juujuu huonekana kama kivuli cha bluu. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha. Uliza kama dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi, imo chumbani siku hiyohiyo. Sindano za silikoni, kataa. Kalamu za kuchoma ngozi zinazotumiwa saluni nazo, kwa ngozi nyeusi, huacha madoa.

Mkunazini
Asanteni sana. Vipi keloidi, yale makovu yanayovimba, na dawa anazotumia mtu?

Fundi Miwani
Ngozi ya kope ni nyembamba mno, keloidi hapo ni nadra hata kwa mwenye nazo kifuani au masikioni, ila mwambie daktari. Kinachosumbua zaidi ni mstari kuwa mweusi kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kofia na miwani ya jua. Mwenye macho makavu apimwe machozi kwanza. Mwenye tatizo la tezi la shingo asubiri litulie kwa miezi 6 hivi. Aliyefanyiwa leza ya kurekebisha kuona, vivyo hivyo. Lenzi za kuvaa ziwekwe kando kama wiki 2.

NesiThieta
Aspirini, ibuprofeni na vidonge vya kitunguu saumu huongeza damu kutoka, lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila daktari aliyeiandika kusema. Dawa ya presha haiachwi.

Siku 2 za mwanzo: barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi, dakika 10 hadi 15 kila saa, na kulala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili au mitatu. Usiiname wala kubeba ndoo. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Damu iliyovilia huisha baada ya wiki 2 hivi, na kovu hutulia miezi kadhaa. Jicho moja kuvimba kuliko jingine wiki ya kwanza ni kawaida.

Kisichokuwa cha kawaida: maumivu makali ya jicho moja, jicho kutokeza na kuwa gumu, kuona kufifia, hasa ndani ya saa 24. Hiyo ni damu inayojaa nyuma ya jicho. Usimeze dawa ya maumivu ukasubiri asubuhi. Nyuzi zifunguliwe na daktari damu itoke, kwa kuwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu saa moja na nusu hivi huweza kuharibika moja kwa moja. Kabla hujalipa, uliza namba itakayopokelewa saa nane usiku, na uipige uone kama inapokelewa.