Wayahudi hupangaje msaada wa jumuiya katika uzazi, ndoa na msiba? Tunaandika upya katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana

Katibu wa Kikundi, Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Mikindani, chenye wanachama Waislamu na Wakristo, na mwaka huu tumekubaliana kuiandika upya katiba yetu. Mazishi yenyewe hayatusumbui, kwa maana siku ya kuzika watu hujaa, turubai hufungwa, majamvi hutandikwa na sanda hupatikana. Yanayotusumbua ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba matanga yakishavunjwa mfiwa hubaki peke yake, na mjane mwenye watoto wadogo anaweza kumaliza mwezi mzima bila mwanachama yeyote kupiga hodi. La pili ni daftari la rambirambi, ambalo kwetu husomwa kwa sauti mbele ya watu, jina na kiasi. Msimu wa korosho hakuna anayeona taabu, lakini masika yakishika, aliyetoa shilingi mia tano hujikunyata ukutani jina lake linapokaribia.

Mjumbe mmoja alisema kikaoni kwamba Wayahudi wamekuwa na vyama vya namna hii kwa karne nyingi, na kwamba dini yao imeweka siku na wajibu kwa kila hatua ya maisha tangu mtoto anapozaliwa. Naomba mwenye elimu ya jambo hili atueleze nani hufanya nini, na kwa muda gani. Sikusudii tuige ibada ya watu. Nataka kuona jinsi wenzetu walivyoligawana jukumu.

Mwalimu wa Historia, Lindi

Ndugu Katibu, nitaanza na msiba, kwa kuwa ndiko uliko uzito wa swali lako.

Katika jumuiya ya Kiyahudi huwapo kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho hevra kadisha, wanaume kwa maiti ya mwanamume na wanawake kwa maiti ya mwanamke, ambao huiosha maiti, huimiminia maji ya tohara, huivika sanda nyeupe isiyo na mifuko na kukaa nayo mpaka izikwe, na mazishi hayacheleweshwi bila sababu. Muislamu wa Mikindani ataona humo mengi anayoyafahamu. Sanda hiyo ni ya namna moja kwa tajiri na maskini, na jambo hilo lina historia. Talmudi, yaani mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Wayahudi, inasimulia kwamba zamani gharama za mazishi ziliwalemea wafiwa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanaiacha maiti na kukimbia, mpaka Rabani Gamalieli, aliyekuwa kiongozi mkubwa, alipotaka yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakamfuata.

Kuhusu daftari lako, kisa kinachofaa kimo katika sehemu hiyohiyo ya Talmudi. Matajiri walikuwa wakipeleka chakula msibani katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya vijiti vilivyobanduliwa gome, nao maskini wakaona haya. Wenye hekima wakaamua kwamba wote, mwenye nacho na asiye nacho, watumie vikapu vya vijiti. Hawakumzuia tajiri kutoa. Waliondoa kile kilichomfanya maskini atazamwe. Ningeshauri daftari libaki, maana fedha za watu lazima ziwe na hesabu, lakini mbele ya umati itajwe jumla tu.

Baada ya mazishi mfiwa hukaa nyumbani siku saba, ziitwazo shiva, akiketi chini au juu ya kiti kifupi bila kufanya kazi. Chakula chake cha kwanza akitoka makaburini hakitakiwi kuwa cha kwake mwenyewe. Jirani ndiye anayeleta, na kwa desturi huwa ni mayai au adesi. Hapa ndipo tunapoachana nao kabisa, kwani huku kusini mfiwa ndiye anayehangaika kutafuta mbuzi na mchele wa kuwalisha waliokuja kumfariji, na deni la sufuria hizo hubaki mlangoni kwake arobaini ikipita. Anayeingia katika nyumba ya shiva hatangulii kusema. Humngoja mfiwa aanze, kwa mfano wa rafiki zake Ayubu walioketi naye siku saba, usiku na mchana, bila kumwambia neno.

Siku saba zikitimia mfiwa hurudi kazini, lakini mpaka siku ya 30 hanyoi wala haendi kwenye sherehe, na aliyefiwa na mzazi huendelea na maombolezo kwa miezi 12. Mtoto husoma sala ya kadishi kwa ajili ya mzazi wake kwa miezi 11. Sala hiyo humsifu Mungu na haitaji kifo hata mara moja, nayo haisomwi na mtu peke yake: panahitajika miniani, yaani watu wazima kumi, ambao kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sana sheria za kale, ni wanaume na kwa madhehebu mengine wanawake pia huhesabiwa. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima wenzake tisa hawana budi kutoka majumbani mwao ili yeye aweze kusali. Mfiwa hasahauliki, kwa sababu ibada yenyewe haiwezi kufanyika bila wao.

Muuguzi, Masasi

Shikamoo Mwalimu, nawe Katibu salaam. Naongeza habari za mtoto na za mgonjwa, ambazo ndizo kazi yangu ya kila siku.

Mtoto wa kiume wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane na kupewa jina hapohapo, mbele ya ndugu na waumini. Kinachonigusa mimi muuguzi ni kwamba sheria yenyewe humlinda mtoto: akiwa na manjano au ugonjwa wowote, tohara husogezwa mpaka apone, na Talmudi inaeleza kwamba mama aliyepoteza watoto wawili kwa kutahiriwa hatakiwi kumtahiri wa tatu. Wenye hekima wao walikuwa wameona kwamba ugonjwa wa damu isiyoganda hufuata ukoo, karne nyingi kabla ya maabara. Kwetu jando huja mvulana akiwa anajitambua, naye huingia pamoja na rika lake. Kwao hatua inayofanana na hiyo ni miaka 13, ambapo mvulana husoma Torati mbele ya watu na kuanza kuhesabiwa katika wale kumi. Hapa Masasi hatushangai dini kulishika jambo la namna hii, kwa kuwa Askofu Vincent Lucas aliliingiza jando katika maisha ya kanisa la Kianglikana tangu enzi za Waingereza.

Kumtembelea mgonjwa nako ni amri kwao. Husemwa kwamba anayemtembelea mgonjwa humpunguzia sehemu moja ya sitini ya ugonjwa wake. Rabi Akiva, mwalimu wao mkubwa wa zamani, alimwendea mwanafunzi mgonjwa ambaye hakuna mtu mwingine aliyemjali. Kwa ajili yake chumba kikafagiwa na kunyunyiziwa maji, na yule kijana akapona. Katibu, andikeni hilo katika katiba yenu: anayekwenda kumwona mama aliyejifungua au mgonjwa ashike ufagio au ndoo. Wodini ninawaona wageni wengi wanaokaa kitandani wakipiga soga huku mama aliyejifungua hana wa kumfulia kanga.

Msaidizi wa Imamu, Mtwara Mjini

Assalaam aleikum. Nimesoma kwa makini na sina pingamizi na kujifunza utaratibu. Nakumbusha tu kwamba kwa Waislamu maombolezo ni siku tatu, isipokuwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Basi msiandike siku saba kwa wanachama wote. Andikeni msaada, na kila mmoja abaki na maombolezo ya dini yake.

Juu ya daftari sikubaliani na Mwalimu. Jumla ikitajwa bila majina, kesho yake mtaa mzima utasema pesa zimeliwa, na kikundi kitavunjika kwa sababu ya minong'ono.

Katika ndoa wametuzidi kwa jambo moja, nalo ni hati iitwayo ketuba, ambayo huandikwa kwa mashahidi wawili na kutaja kile ambacho mume, au mirathi yake, atamlipa mke wakiachana au yeye akifa. Sisi tunayo mahari, lakini ni wangapi wanaoiandika ile iliyoahirishwa? Wajane wengi mnaowasaidia wanadai haki isiyo na karatasi.

Mzaliwa wa Newala

Naishi Mbale, Uganda, kwa kazi. Kwenye vilima vya huku wako Abayudaya, Waafrika walioifuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na waliobaki waliendelea kusali kwa siri. Nawataja ili msidhani haya yanawezekana Ulaya na Marekani tu. Hawa ni wakulima kama sisi.

Mwalimu wa Historia, Lindi

Shehe wangu, hoja yako nimeipokea. Kila mtoaji apewe stakabadhi yenye namba, na wakaguzi watatu wasaini daftari siku hiyohiyo. Hapo kila mtu ana ushahidi wake mfukoni na hakuna anayetangazwa.

Katibu wa Kikundi, Mikindani

Nawashukuru nyote, hasa wewe Mama Muuguzi. Rasimu nitakayoipeleka kikaoni ni hii: chakula cha siku ya mazishi na siku mbili zinazofuata kitapikwa na wanachama kwa zamu, nyumbani kwao, na mfiwa hatachangia chochote, rambirambi zitapokelewa kwa stakabadhi, na kila nyumba iliyofiwa itapangiwa wanachama wawili wa kuitembelea kila wiki mpaka eda ya mjane iishe, au kwa muda huohuo pale ambapo hakuna eda. Kwa uzazi, zamu ya maji na kufua itakuwa siku saba za kwanza. Mwenye marekebisho ayaandike hapa kabla ya Jumamosi.