SEKUNDE NNE ZIMEBAKI YEYE ANASHIKA MASIKIO!! Hii difensi ya timu yetu ya kikapu ya chuo ni aibu ya taifa

Wakuu, nimetoka mechini Upanga sasa hivi, sijala, sijavua hata viatu, naandika kabla hasira hazijapoa maana zikipoa nitawasamehe na hawastahili.

Simtaji mtu jina. Mnamjua nyote. Yule Mheshimiwa anayepasha misuli huku anaangalia nani kakaa jukwaani.

Sasa sikieni. Tumekimbizana mechi nzima, tumetoka nyuma, dakika ya mwisho robo ya nne yeye huyohuyo kapiga shuti limeingia, tunaongoza kwa pointi moja, sawa, hongera zake, saa imesimama, zimebaki sekunde nne. SEKUNDE NNE. Hapo hata mtoto wa chekechea anajua unageuka unamtafuta mtu wako. Mheshimiwa kageukia jukwaa, kashika masikio, eti hasikii kelele zetu. Wenzetu wala hawakungoja, mpira umerushwa kutoka mstari wa mwisho, mrefu, umevuka uwanja mzima, na anayeupokea ni nani? Mtu wake! Peke yake! Yule jamaa angeweza kuagiza soda, akainywa, akarudisha chupa dukani, ndio aje aweke mpira kikapuni. Kadunda mara moja, kaweka, filimbi, mechi imekwisha. Mheshimiwa bado kashika masikio!!!

Na sio kwamba huko nyuma tulikuwa tunakaba. Tulianza na zone ya mbili-tatu, wawili mbele watatu nyuma, kila mtu na eneo lake, haya, lakini mbili-tatu inataka watu wahame kila mpira unapohama, pasi ikienda kona, wa chini anatoka kumfuata mpigaji, wa katikati anateremka kuziba nafasi yake. Sisi wote watano tumegandia tunaangalia mpira, kona zote wazi, jamaa wanajipigia thrii, pointi tatu kila shuti, mpaka wanaoneana aibu. Tukabadilisha tukaenda mtu na mtu, ndio tukaharibu kabisa, skrini moja tu, mtu wao kasimama kumziba mkabaji wetu, wawili wetu wanamkimbilia mmoja na mwingine kaachwa chini ya kikapu anasubiri pasi kwa adabu zote. Ribaundi, ule mpira unaorudi shuti likikosa, hakuna anayemwekea mtu mgongo, kila mmoja anaruka kwa macho.

Hayo yote ningemeza. Ila masikio!! Faulo za timu robo ile tulikuwa na mbili tu jamani. Mbili! Ungekuwa umesimama na mtu wako, akishapokea unamgusa mkono, refa anapuliza, wanaanzia pembeni upya, friithroo, yaani mitupo ya adhabu, hakuna mpaka tufikishe faulo ya tano, na saa imeshakula muda. Hiyo haihitaji kipaji wala urefu, inahitaji macho yawe upande mpira uliko.

Na hii ndio nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar, yuko chuo kule Connecticut, kawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya vyuo ya Big East 2008 na 2009, akachukuliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kubwa ya Marekani zinapochagua vijana wapya. Kwa KUKABA, wakuu, sio kwa mbwembwe. Januari 2009 na Providence alizuia mashuti 10 kwenye mechi moja, juu yake kaweka pointi 15 na ribaundi 11. Sisi leo mikono iliyoinuka ni ile ya kushika masikio tu.

Kocha kama unapita humu, huyu mtu akae benchi mpaka amalize chuo. Nawasilisha.

Mkaa Jukwaani: Nilikuwepo mkuu. Jirani yangu alishaanza kupiga vuvuzela ya ushindi, ikabidi aitoe mdomoni taratibu.

Pointigadi Mstaafu: Mleta uzi tulia. Bila lile shuti lake ungekuwa unalia tangu dakika ya pili. Mtu kakufungia pointi nyingi kuliko wote bado unamtukana?

Kikapu Damu (mleta uzi): Kafunga nyingi, karudisha zote kwa mtu wake. Piga hesabu mwenyewe. Na pale mwisho ALISHIKA MASIKIO. Nijibu hilo.

Pointigadi Mstaafu: Wewe si ndio ulikatwa siku ya kwanza ya majaribio ukagoma kurudisha jezi ya mazoezi? Tunakujua.

Mkaa Jukwaani: 😂😂😂 uzi umenoga

Kikapu Damu: Jezi niliirudisha. Usihamishe mada.

Dogo Fasti Yia: Mimi namlaumu kocha, kwa nini asiombe taimauti, mapumziko mafupi, pale saa iliposimama awapange?

Mzee wa Filimbi: Dogo, sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, dakika mbili za mwisho, timu iliyofunga hairuhusiwi taimauti baada ya kikapu chake, labda refa awe amesimamisha mchezo kwa sababu nyingine. Wale waliofungwa wangeweza kuomba, wakaona waombe ya nini wakati mtu wao yuko huru huko mbele.

Dogo Fasti Yia: Aah kumbe. Asante mzee.

Kona ya Thrii: Mbona timu kubwa nazo zinalala? Chuo cha Virginia 2018 walikuwa na difensi inayoogopwa Marekani nzima, wakaingia mashindano ya vyuo wamepangwa namba moja kabisa, wakapigwa 74 kwa 54 na chuo cha UMBC walioingia kama namba 16, wa mwisho kwenye kundi lao. Namba 16 kumpiga namba moja haikuwahi kutokea kwa wanaume. Mwaka uliofuata wakabeba ubingwa. Kwa hiyo na sisi tuvumilie.

Kikapu Damu: Virginia walizidiwa wakiwa wanakaba kaka. Nionyeshe ni nani pale alisimama kushika masikio mpira ukiwa unachezwa. Nionyeshe!

Dada wa Ribaundi: Nyie wanaume angalau mna mechi inayotazamwa. Timu ya wanawake tunafanyia mazoezi mpira uliochubuka mpaka umekuwa laini, ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe, na uwanja tunapewa jua la saa saba kwa sababu jioni ni wenu. Hakuna aliyetufungulia uzi.

Mkaa Jukwaani: Pole dada, hilo kweli sio poa. Ringi ya upande wenu imepinda tangu lini ile?

Dada wa Ribaundi: Nimeikuta imepinda, nitaiacha imepinda.

Msaka Boom: Wenzenu wana nguvu za kujadili ringi. Boom, ile hela ya mkopo wa chuo, limeingia kwa nani hapa? Mimi kila nikienda naambiwa nisaini, nikisaini naambiwa nisubiri.

Dogo Fasti Yia: Kwetu halijaingia.

Kona ya Thrii: Kwetu limeingia jana, limeshaisha.

Kikapu Damu: Jamani naomba turudi kwenye mada. Sekunde nne. Masikio.

Msaka Boom: Mkuu sisi tuna njaa, masikio hayaliki. Hivi mmeona kantini wamepandisha chipsi mayai halafu yai lenyewe limekuwa rangi tu?

Pointigadi Mstaafu: Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza. Yai moja wanagawa sahani tatu yule mama.

Dada wa Ribaundi: Na kachumbari wamefuta.

Mzee wa Filimbi: Nendeni kwa yule wa nyuma ya hosteli mpya, wali maharage anajaza, na parachichi anaongeza ukimwamkia vizuri.

Msaka Boom: Anakopesha?

Mzee wa Filimbi: Anakopesha wenye vitambulisho.

Mkaa Jukwaani: Jumapili anafungua?